Herufi Zikae, Maana Isimame

Chukueni karatasi, wanangu, mkate vipande vinne vilivyo sawa. Kwenye kipande cha kwanza andikeni L, cha pili I, cha tatu M, cha nne A. Vichanganyeni, mvimwage mezani au mkekani, kisha mvitazame vizuri. Hapo mmeshapata mchezo usiohitaji umeme wala fedha, na unaoweza kumkalisha mtu akifikiri mpaka chai yake ipoe.

Kazi yenu ni kupanga vipande hivyo vinne mpaka vitoe neno. Mwepesi wa kuona atapata LIMA, kazi ya mkulima na jembe lake. Akivigeuza atapata MALI, yaani vile anavyomiliki mtu: shamba, mifugo, nyumba, fedha. Akiendelea atapata MILA, mambo tuliyorithi kwa wazee wetu. Kisha LAMI, ile nyeusi inayomwagwa barabarani ili magari yapite bila kutimua vumbi. Na yule aliyezoea kumsikiliza mwalimu akisoma sentensi huku darasa zima likiandika, atapata la tano: IMLA.

Maneno matano kwa herufi zile zile nne. Hakuna iliyoongezwa wala iliyotolewa. Zimehama nafasi tu, na kila zilipohama tumepata jambo jingine kabisa la kuzungumza.

Leo nataka niwafundishe namna ya kufumbua herufi zilizovurugwa, na niwape visa vya watu waliocheza mchezo huu zamani, wakiwemo wataalamu wakubwa wa nyota. Lakini shikeni jambo moja tangu sasa, maana ndilo kiini cha yote nitakayosema: hujalipata neno mpaka herufi zimekaa na maana imesimama. Herufi zikikaa bila maana, una sauti tu mdomoni.

Njia ni nyingi kuliko unavyodhani

Tuhesabu kidogo. Una herufi nne na nafasi nne. Nafasi ya kwanza unaweza kuijaza kwa herufi yoyote kati ya nne. Ukishaijaza, zimebaki tatu za nafasi ya pili, kisha mbili, kisha moja. Zidisha 4 kwa 3 kwa 2 kwa 1, unapata 24. Kwa hiyo vipande vyenu vinne vina mipangilio 24.

Ongeza herufi moja tu, iwe tano zilizo tofauti, mipangilio inakuwa 120. Zikiwa sita ni 720. Zikiwa saba ni 5,040. Mtu akijaribu mmoja mmoja, jua litazama hajamaliza. Lakini mmewaona watu wanaotupia macho herufi saba na mara moja wanataja neno. Hawabahatishi hao. Wanakijua Kiswahili kinavyojenga maneno yake, na wanaacha mipangilio mingi bila hata kuigusa.

Kiswahili kina tabia zake. Ya kwanza ni hii: maneno yake karibu yote huishia na irabu, yaani a, e, i, o au u. Yasiyofuata tabia hiyo ni machache, na mengi ni ya kukopa, kama takriban. Basi rudini kwenye vipande vyenu. Mkikubaliana kwamba mwishoni lazima akae A au I, mipangilio 24 inabaki 12. Hii hapa yote:

LIMA, LMIA, ILMA, IMLA, MILA, MLIA, LAMI, LMAI, ALMI, AMLI, MALI, MLAI.

Isomeni kwa sauti. LMIA na LMAI ulimi unazikataa hapo hapo, kwa sababu Kiswahili hakianzi neno kwa L iliyofuatwa na M. ALMI na AMLI zinatamkika, lakini muulize yeyote zina maana gani, atakutazama tu. Mkifuta hizo, yanabaki yale matano mliyoyapata mwanzo, pamoja na ILMA, MLIA na MLAI.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Tuseme unacheza na dada yako, naye anaweka MLIA.

“Dada, hilo si neno,” unamwambia.

“Ni neno. Mlia ni mtu anayelia.”

Msigombane. Ulizaneni maswali mawili. Je, neno hilo limo katika kamusi? Je, unaweza kulitungia sentensi ambayo jirani aliyekaa barazani ataielewa bila kueleweshwa? Neno likishinda maswali hayo, mpe dada yako alama zake kwa moyo mweupe. Likishindwa, naye aliondoe bila kununa.

Herufi zinazopenda kukaa pamoja

Tabia ya pili ya Kiswahili ni kwamba konsonanti zake hazikai ovyo. Zipo zinazopenda kukaa pamoja. M hupenda kutangulia B, kama katika mbuzi na embe. N hupenda kutangulia D, G, J, Y na Z: ndege, ngoma, njaa, nyota, nzige. S hufuatwa na H katika shule, na W hupenda kuja nyuma ya M au K, kama mwezi na kwato. C nayo katika Kiswahili haikai bila H. Ukiiona C mkononi mwako, itafute H yake kwanza, kisha uendelee. Q na X hazimo katika alfabeti yetu, kwa hiyo hizo hazitawasumbua.

Tabia ya tatu iko mwanzoni mwa maneno. Mengi huanza kwa vipande tunavyovijua: M, WA, KI, VI, MA, U. Ukiwa na K na I, jaribu kuziweka mwanzo, pengine utapata kisima au kikombe. Ukiwa na V na I, pengine ni viazi au viatu. Nasema pengine, kwa sababu tabia si sheria. Ukishikilia sana KI mwanzoni, utalikosa neno kamusi, ambalo lina K na I lakini halizitaki pamoja.

Hata herufi zinazopendana huachana mara nyingine. Chukueni N, J, I, A. Mkiziacha N na J pamoja mnapata NJIA, tunapopita. Mkizitenganisha mnapata JINA, tunaloitwa, na mkizitenganisha kwa namna nyingine mnapata JANI, linaloota mtini. Chukueni S, I, M, B, A. M na B zikishikana ni SIMBA. Zikiachana, M ikaenda mbele kabisa, inakuwa MSIBA, na hapo hata sura ya msomaji hubadilika. Basi mkikwama, tenganisheni kile mlichokiunganisha mapema mno.

Tufumbue pamoja

Sasa tushike fumbo moja tulifumbue polepole mpaka mwisho. Herufi ni sita: A, A, F, I, R, S.

Kwa kuwa A zipo mbili zinazofanana, mipangilio si 720 bali nusu yake, 360. Bado ni mingi. Tuangalie tulicho nacho: irabu tatu, ambazo ni A, A na I, na konsonanti tatu, ambazo ni F, R na S. Je, kati ya F, R na S zipo zinazopenda kukaa pamoja? Mara chache, na zaidi katika maneno ya kukopa. Basi tuanze na umbo la kawaida la Kiswahili: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu.

Konsonanti tatu zina mipangilio sita. Irabu zetu zina mitatu tu: A-A-I, A-I-A na I-A-A. Zidisha 6 kwa 3, unapata 18. Tumetoka 360 tukafika 18 bila kutoa jasho!

Andikeni zile zenye A-A-I: FASARI, FARASI, SAFARI, SARAFI, RAFASI, RASAFI. Zisomeni kwa sauti, msizitazame kwa macho tu, kwa sababu sikio mara nyingi hulitambua neno kabla ya jicho. Mmesikia? FARASI yumo humo, na SAFARI imo humo. Mnyama na mwendo wake wametoka katika herufi zile zile sita. Mipangilio 12 iliyobaki nawaachia mwandike wenyewe. Mkikutana na neno msilolijua, msilitupe. Lipelekeni kwenye kamusi, kwani lugha ina maneno mengi ambayo mtoto wa miaka kumi hajayasikia bado, na hata mimi yapo mengi nisiyowahi kuyatamka.

Haya, sasa nawapa maneno kamili, ninyi myavuruge mpate mengine. Nitatoa vidokezo, majibu yatafuata.

BAHARI hupitiwa na majahazi. Ipange upya, uipate ile tunayoulizana tukikutana.

SAMAKI hukaa majini. Mpange upya, akuletee mvua kubwa za kuanzia Machi hadi Mei.

RAFIKI hukaa karibu na moyo. Mpange upya, akae kichwani.

SUKARI hukoleza chai. Ipange upya, umpate msichana mrembo.

ASALI hutoka mzingani. Ipange upya, upate kitenzi cha kitu kilichobaki.

KIATU huvaliwa mguuni. Kipange upya, upate kitenzi cha jambo linalotokea bila kupangwa.

Funikeni majibu kwa kiganja kwanza. Majibu ni haya: HABARI, MASIKA, FIKIRA, KISURA, SALIA na TUKIA. Aliyepata yote sita ampe mkono aliyepata matatu, kwa sababu wa matatu leo huwa wa sita wiki ijayo. Na kama kuna aliyeona kwamba samaki hutoa pia MAKASI, jina ambalo watu wengine huuita mkasi, huyo ana jicho kali sana.

Mchezo wa kinyume

Msidhani mchezo wa kuhamisha sehemu za maneno umeletwa kwetu na vitabu vya shule. Pwani yetu ina mchezo wa siku nyingi unaoitwa kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno, unaiweka mwanzo. Kesho inakuwa shoke. Nyumba inakuwa mbanyu. Twende sokoni inakuwa ndetwe nisoko. Wakizungumza wawili waliouzoea, wa tatu husikia Kiswahili kabisa kwa lafudhi, lakini haambulii kitu.

Mmisionari Mwingereza Edward Steere, aliyeishi Zanzibar, aliutaja mchezo huu katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Alieleza kwamba ni usemi wa mafumbo ambao silabi ya mwisho hutangulia. Kwa hiyo mkicheza kinyume leo, mnacheza mchezo ambao watu wa pwani waliucheza zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Angalieni jambo moja katika kinyume. Nyumba haivunjwi herufi kwa herufi. NYU inakaa NYU, na MBA inakaa MBA. Anayecheza anahamisha silabi nzima nzima, maana kwa sikio la Mswahili silabi ndiyo tofali la neno. Nanyi mnapopewa herufi nyingi zilizovurugwa, msihangaike na herufi moja moja. Tengenezeni silabi kwanza, kisha mzipange silabi hizo. Sasa nijibuni: Rihaba za hiasubu?

Kuna kisa kingine cha hapa hapa kwetu. Kabla ya herufi tunazotumia sasa kuenea, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kati ya miswada ya kale inayojulikana upo wa Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Hati ile ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Katika miswada mingi, E na I zilitumia alama moja, O na U nyingine. Herufi ya B nayo mara nyingi ilisimama pia mahali pa P. Hebu fikirini: mtu anasoma barua kutoka kwa ndugu yake mvuvi, anafika mahali panaposomeka ama baba ama papa. Ndugu alimwona nani kule baharini? Jibu halimo katika neno lile peke yake. Msomaji husoma sentensi nzima, na kama imetaja meno makali na mkia, anajua ni yupi. Maana ndiyo iliyomwonyesha herufi.

Barua ya Galileo

Sasa twende mbali, hadi Italia mwaka 1610. Galileo Galilei alikuwa na darubini, chombo kilichokuwa kipya wakati huo, naye usiku alikuwa akitazama mbingu. Mapema mwaka ule alikuwa ameshagundua miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Baadaye akaielekeza darubini kwenye Zohali, sayari ya mbali kuliko zote zilizojulikana siku zile. Akaona jambo la ajabu: Zohali haikuonekana peke yake. Kila upande kulikuwa na kitu kama sayari ndogo kilichoigusa.

Galileo alikuwa na shida mbili. Alitaka muda wa kutazama zaidi ili awe na uhakika. Wakati huo huo aliogopa mtu mwingine asije akaona jambo hilo na kulitangaza kuwa lake. Akafanya hivi: aliandika kwa Kilatini sentensi yenye maana kwamba ameiona sayari iliyo juu kuliko zote ikiwa na miili mitatu. Sentensi hiyo ina herufi 37. Akazivuruga zote, akazituma Prague bila maelezo. Kama mtu angetokea baadaye kudai ugunduzi ule, Galileo angezipanga herufi zake mbele ya watu na kuonyesha tarehe ya barua.

Kule Prague alikuwako Johannes Kepler, mwanahisabati wa mfalme Rudolf II, mmoja wa watu wenye akili kubwa kabisa katika historia ya elimu ya nyota. Kepler akaanza kupanga. Alikuwa na wazo lake kichwani: Dunia ina mwezi mmoja, Mshtarii imeonekana na minne, basi Mirihi iliyo kati ya hizo mbili huenda ina miwili. Kwa wazo hilo akazisukuma herufi huku na huku mpaka zote 37 zikakaa katika mstari wa Kilatini unaowasalimu mapacha, watoto wa Mirihi. Hakubakiza herufi hata moja.

Lakini hakuwa amepata jibu. Katika mstari wake mlikuwa na neno ambalo Kilatini hakilijui, na Kepler mwenyewe alikiri kwamba ule ulikuwa Kilatini nusunusu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Galileo alipofumbua fumbo lake kwa ombi la mfalme, ikajulikana kwamba herufi zile hazikuwa zikisema habari za Mirihi kabisa, bali za Zohali.

Wanangu, kama mtu mwenye akili ya Kepler aliweza kupanga herufi 37 bila kosa na bado akakosa maana, nasi tuwe waangalifu. Herufi zikiwa nyingi hukubali kusema mambo mengi, na mtu akija na jibu lake mfukoni, zitamkubalia. Ndiyo maana mtoa fumbo mwema hutoa na kidokezo, na mfumbuaji mwema huuliza: je, kila neno nililopanga lipo kweli, au nimelitunga ili herufi ziishe?

Kisa hakikuishia hapo. Galileo naye hakuwa ameona sawasawa. Vile vilivyoonekana kama sayari ndogo kando ya Zohali ni pete pana inayoizunguka. Aliyeeleza hivyo ni Christiaan Huygens wa Uholanzi, aliyekuwa na darubini bora zaidi. Naye pia aliuficha ugunduzi wake katika herufi zilizovurugwa mwaka 1656, akaufumbua mwaka 1659. Na Mirihi je? Mwaka 1877 Mmarekani Asaph Hall aliitazama kwa darubini kubwa mjini Washington akakuta kweli ina miezi miwili. Kepler alilikosa fumbo, lakini Mirihi ilikuwa na miezi yake muda wote, ikisubiri mtu wa kuitazama.

Mkifika sekondari mtajifunza kanuni ya Hooke inayohusu springi. Robert Hooke wa Uingereza aliichapisha kwanza mwaka 1676 kama rundo la herufi 14, akaifumbua mwaka 1678: kadiri springi inavyovutwa, ndivyo nguvu yake inavyokuwa. Mwalimu akiiandika ubaoni, mwambieni kwamba mnajua ilizaliwa ikiwa fumbo.

Tengenezeni herufi zenu

Katika miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulianguka, na watu wengi wakakosa kazi. Mmoja wao alikuwa msanifu majengo aitwaye Alfred Butts. Akakaa akabuni mchezo wa kupanga maneno kwa vigae vidogo vyenye herufi. Swali lake lilikuwa hili: kila herufi iwe na vigae vingapi? Hakubahatisha. Alichukua magazeti akahesabu ni herufi zipi zinazotokea mara nyingi na zipi mara chache. Kutokana na hesabu hiyo, E ya Kiingereza ilipewa vigae 12 kati ya 100, na Q ikapewa kimoja tu chenye alama 10. Mchezo huo ndio ulioitwa Scrabble kuanzia mwaka 1948.

Hesabu ile ilikuwa ya Kiingereza. Yetu ni tofauti. Chukueni sentensi hii: Mama amepika wali na samaki. Ina herufi 23. Hesabuni A: zipo 8. I zipo 3, E ni moja tu, na O na U hazimo kabisa. Mkitumia vigae vya Kiingereza kuandika Kiswahili, A zitawaishia mapema na Q itakaa bila kazi.

Basi tengenezeni vigae vyenu wenyewe kwa boksi la kadibodi. Kwanza chukueni ukurasa wa gazeti la Kiswahili au wa kitabu cha hadithi, mgawane aya, kila mmoja ahesabu herufi za aya yake. Jumlisheni pamoja. Kisha mkate vigae 100, herufi iliyotokea mara nyingi ipate vingi, iliyotokea mara chache ipate vichache na alama kubwa. Mkimaliza mtakuwa mmefanya kazi ile ile ya Butts, na mtaijua lugha yenu kwa namna ambayo watu wazima wengi hawaijui.

Mnapocheza, kamusi iwe karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Taifa nalo lilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Yoyote mtakayoipata itawafaa. Kumbukeni tu kwamba kitenzi hutafutwa kwa mzizi wake: wanasoma halimo chini ya W, nendeni S mtafute soma. Jina la wingi nalo mlirudishe kwenye umoja: ukitaka viti, tafuta kiti.

Na mkilifikia neno, msiishie kuona kwamba limo, mkafunga kitabu. Someni maana zake zote. Mtu aliyepanga K, A, T, A akapata KATA anaweza kudhani amemaliza na kisu. Lakini kata ni pia nguo iliyoviringwa ya kuwekea mzigo kichwani, ni chombo cha kuchotea maji, na ni eneo lenye diwani wake. Akizigeuza akapata TAKA, huko nako kuna kutaka kitu na kuna uchafu wa kufagiwa. Nawapa kanuni ya nyumbani kwangu: alama hazihesabiwi mpaka mchezaji ametunga sentensi ya neno alilopanga. Jaribuni kanuni hiyo wiki nzima muone jinsi maneno mapya yatakavyoanza kutoka vinywani mwenu bila kuitwa.

Sasa fumbo la kwenda nalo. Herufi ni saba: A, A, A, F, I, M, R. Kwa kuwa A ni tatu, mipangilio yake ni 840, lakini ninyi mnajua namna ya kuipunguza. Kidokezo: mara moja katika neno hilo A mbili zimekaa pamoja, na kitu chenyewe ukimgawia mwenzako, chako hakipungui. Likipatikana, litungieni sentensi, kila mmoja yake.